Hesabu ya Lenzi Moja

Tarehe 1 Novemba 1941, jua likielekea kuzama, mpiga picha wa Marekani Ansel Adams alikuwa njiani kurudi Santa Fe, New Mexico, baada ya siku ya kuhangaika na picha zisizokubali. Kando ya barabara akakiona kijiji cha Hernandez: misalaba ya makaburini iking'aa kwa mwanga wa mwisho, mwezi umeshapanda juu ya milima. Akasimamisha gari, akaanza kuipandisha kamera yake kubwa ya inchi 8 kwa 10 kwenye stendi huku akiwahimiza wenzake wamletee hiki na kile. Kipima mwanga hakikuonekana. Kilikuwa humo humo garini, mahali fulani katikati ya shehena ya vifaa.

Kilichomwokoa ni namba. Adams alijua kwa kichwa kwamba mng'ao wa mwezi ni takriban kandela 250 (kandela ni kipimo cha mwanga) kwa futi ya mraba. Kutoka hapo akakokotoa mwangaza wa picha papo hapo: sekunde 1, tundu la lenzi f/32 (namba hii ikiwa kubwa, tundu huwa dogo). Akapiga. Akageuza kishikio cha filamu apige ya pili ya akiba, na jua likawa limeshaiacha misalaba. Picha ni hiyo moja. (Mwenyewe, kwa miaka mingi, hakuwa na hakika hata aliipiga mwaka gani, tarehe ilikuja kupatikana kwa watu wa astronomia waliokokotoa mwezi ulikuwa wapi angani. Mtu anakumbuka mng'ao wa mwezi na kusahau mwaka. Nawajua wapiga picha wa aina hiyo.)

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya kipaji, au ya bahati. Mimi huwa nashangazwa na lile gari. Mtu ana vifaa vya kujaza gari, na siku ya siku kinachofanya kazi ni kile ambacho hakuhitaji kukitafuta. Ndiyo maana nimekuwa mtu wa kuwashauri wenzangu wapunguze mizigo, na ndiyo maana pia sababu zinazotolewa kwa kawaida huniudhi. Tunaambiwa kamera haina maana, jicho ndilo kila kitu. Tunaambiwa umaskini wa vifaa hutakasa. Hayo ni maneno ya kumliwaza asiye na lenzi. Kupunguza vifaa kunamsaidia mtu kwa sababu kavu zaidi: kitu kinachokaa palepale kinaweza kukaririwa, na kinachobadilika kila dakika hakikaririki.

Nitoe mfano kwa lenzi niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote, ya milimita 35 (huo ni urefu wa fokasi: namba ikiwa ndogo lenzi huona pana, ikiwa kubwa huvuta), kwenye kamera yenye sensa, yaani kipande kinachopokea picha badala ya filamu, ya milimita 36 kwa 24. Upana wa sensa na urefu wa fokasi karibu vinalingana. Kwa hiyo upana wa kinachoingia kwenye fremu nao karibu unalingana na umbali wako. Ukisimama mita 2 kutoka ukutani, fremu inameza mita 2 za ukuta. Ukirudi hadi mita 5, inameza mita 5. Kimo cha fremu ni theluthi mbili ya hapo. Ukiisimamisha kamera wima, mambo yanageuka: mtu wa mita 1.7 anaingia mzima, unyayo hadi utosi, ukiwa mita 2 mbele yake, na nafasi ya kupumulia inabaki juu na chini. (Wenye kamera za sensa ndogo ya APS-C watapata karibu mambo hayohayo kwa lenzi ya milimita 23 au 24.)

Sikuanza kwa kuikokotoa hesabu hii. Niliianza kwa miguu. Unapotoka na lenzi moja tu, mwanzoni kila mahali unapoinua kamera pana kasoro: hapa uko karibu mno, pale uko mbali mno, kule kuna ndege juu ya paa ambaye kwenye picha atakuwa doa. Unasogea, unarudi, unasogea tena. Halafu baada ya muda, bila kutangaziwa, unakuta unaposimama kumtazama mtu kabla hujagusa kamera, tayari uko pale ambapo fremu itamkata magotini kama ulivyotaka. Kamera ikipanda usoni inathibitisha tu. Huo ndio ujuzi ninaouzungumzia, na sijui njia nyingine ya kuupata zaidi ya kurudia umbali uleule na lenzi ileile hadi mwili uache kuuliza.

Sasa linganisha na lenzi ya zumu, ile unayozungusha pete yake kuvuta au kupanua, ya milimita 24 hadi 70, ambayo ndiyo wengi hununua ya pili baada ya ile iliyokuja na kamera. Nayo ni nzuri. Ninayo, na nitaeleza naitumia lini. Lakini hesabu yake inateleza. Kwenye 24 upana wa fremu ni mara moja na nusu ya umbali wako. Kwenye 70 ni nusu ya umbali. Katikati kuna kila kitu. Kila unapoiinua, uhusiano kati ya pale uliposimama na kile kitakachoingia ni ule ulioachwa na pete mara ya mwisho ilipozungushwa. Hakuna cha kukariri. Unainua kwanza ndipo unaona, na kwa watu wanaotembea, wanaocheka, wanaogeuka, kuona baada ya kuinua ni kuchelewa.

Wapo watakaosema: basi zungusha pete haraka, zoezi hufanya mtu mahiri. Kweli, na wapiga picha wa habari wanaoishi na zumu hufika huko. Ila mtazame anayejifunza. Anasimama pale alipotokea kusimama, kwa sababu ndipo njia ilipomfikisha, kisha anavuta hadi fremu ijae. Mahali pa kusimama, ambapo ndipo uamuzi mzito kuliko yote katika picha, hapajaamuliwa na mtu yeyote.

Hapa lazima niugombeze msemo mmoja tunaoupenda, kwamba zumu bora ni miguu yako. Nia yake ni njema lakini unafundisha uongo. Zumu inakuza au kupunguza kila kitu kwa kipimo kimoja, kilicho karibu na kilicho mbali, kama vile umekata picha kwa mkasi. Miguu inafanya jambo tofauti kabisa. Mweke rafiki yako mbele ya mti ulio mita 10 nyuma yake. Ukiwa mita 1 kutoka kwake, mti uko mita 11 kutoka kwako, yaani mara 11 ya umbali wa rafiki. Rudi hadi mita 5: sasa mti uko mita 15, mara 3 tu. Ukivuta lenzi hadi uso wa rafiki ulingane na ule wa mwanzo, mti umekua zaidi ya mara tatu na nusu. Rafiki ni yuleyule, mti ni uleule, lakini picha ya kwanza inasema mtu, na ya pili inasema mtu na mti. Lenzi haikufanya hivyo. Umbali ndio uliofanya. Mwenye lenzi moja anaugundua ukweli huu kwa lazima, kwa kuwa kila akitaka kubadilisha ukubwa wa mtu, usuli, yaani kilicho nyuma ya mtu, nao unabadilika mkononi mwake, na hawezi kujifanya hakuuona.

Nimewahi kuwaonyesha vijana jambo hili kwa utepe wa gundi. Unabandika kipande kwenye pete ya zumu ili isizunguke, unaichagulia 35 au 50, unaenda zako. Nasema hivi kwa sababu kuna ugonjwa wa kuchekesha katika mambo haya: mtu akishasikia habari ya kupunguza vifaa, kitu cha kwanza anachofanya ni kununua kifaa. Anatafuta kamera ndogo ya bei kubwa yenye lenzi isiyobadilishwa, anatafuta begi dogo la kuitilia, mkanda wa ngozi wa kuivalia. Miezi miwili baadaye ana begi kubwa na begi dogo. Utepe unatosha.

Jambo la kupunguza si geni. Kamera iliyobadili upigaji picha wa karne ya 20 yenyewe ilizaliwa kwa kupunguza. Oskar Barnack, fundi katika kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alikuwa na pumu, na kamera za sahani za kioo za zama zake zilikuwa mzigo wa kubebwa na mtu mwenye mapafu mazima. Akaunda kamera ndogo iliyotumia mkanda wa filamu za sinema, akaulaza mlalo na kuiongeza fremu mara mbili, ndipo tulipopata zile milimita 24 kwa 36 ambazo sensa zetu bado zinazifuata. Kamera hiyo, Leica, ilionyeshwa kwa umma kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliichukua kamera hiyo, akaifunga lenzi ya milimita 50, na sehemu kubwa ya kazi yake ya maisha ikapitia hapo. Alikuwa na lenzi nyingine pia, nalisema hilo kwa sababu wapenda hadithi humgeuza kuwa mtawa. Mpiga picha wa Chekoslovakia Josef Koudelka alipokuwa akiwapiga picha Waroma (waitwao pia Wajipsi) wa Ulaya Mashariki katika miaka ya 1960, alitumia zaidi lenzi ya milimita 25, pana kiasi kwamba ili uso wa mtu uwe na uzito kwenye fremu lazima uwe umeingia nyumbani kwake na kukubaliwa. Lenzi haikumpa ukaribu huo. Ilimnyima njia ya kuukwepa.

Lakini mtu ninayemrudia mara nyingi zaidi ni Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifunzwa useremala, akapewa kamera ndogo ya Kodak Brownie na mjomba wake mwaka 1935 akiwa bado kijana, na mwaka 1948 akafungua studio yake. Kamera yake ya kazi ilikuwa kubwa, ya fremu za sentimita 13 kwa 18. Alipendelea mwanga wa jua, uani. Usuli wake wa kwanza ulikuwa kitambaa alichokuwa akitandika kitandani mwake mwenyewe, na baadaye akawa anabadilisha vitambaa kila baada ya miaka michache, hata alipozeeka akaweza kukadiria miaka ya picha zake kwa kutazama kitambaa kilicho nyuma ya mteja. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mteja alipigwa picha moja. Moja.

Hebu fikiria maana yake. Mteja amevaa vizuri, amekuja na saa, redio, pengine na pikipiki yake aionyeshe. Hakuna kupiga kumi na kuchagua. Kila kinachoweza kurekebishwa, lazima kirekebishwe kabla: mkono utulie wapi, bega ligeuke kiasi gani, kidevu kishuke, pindo la nguo lianguke vipi juu ya kiti. Keïta aliwakalisha watu mshazari, mwili umegeuka kidogo na uso umerudi kwenye kamera, na ukizitazama picha nyingi kwa pamoja unaona mtu aliyelijua umbo lile kiasi cha kuweza kulibadilisha kidogo tu kwa kila mgeni. Kitambaa kimoja, ua mmoja, jua, kamera isiyohama. Alichobakiza kibadilike ni mtu aliyeketi mbele yake. Picha hizo zilipokuja kuonyeshwa Ufaransa na Marekani miaka ya 1990, watu walishangaa jinsi kila mteja alivyo mtu wake mwenyewe, hafanani na aliyemtangulia. Mimi siioni ajabu hiyo. Ukizuia mengine yote yasibadilike, watu ndio wanaojitokeza.

Hapo tumeshaingia kwenye kikomo cha aina nyingine, cha idadi. Mkanda wa kawaida wa filamu una fremu 36. Filamu ya 120 kwenye kamera za mraba inatoa 12. Leo zipo kamera zinazopiga fremu 20 na zaidi kwa sekunde, yaani mkanda mzima ungekwisha kabla ya sekunde 2. Sina ugomvi na kasi hiyo kwa mpiga picha wa michezo. Kwa wengine wetu, nimeona kinachotokea: kazi ya kuamua inahama kutoka barabarani kwenda mezani. Unarudi na mamia ya picha zinazofanana, na usiku unachagua kati ya kope iliyofumba na kope iliyofumbua. Mpiga picha wa Marekani William Eggleston amewahi kueleza kwamba yeye hupiga kila kitu mara moja tu, kwa sababu akipiga mbili hufika mahali pa kushindwa kuchagua. Wengine huichukulia kauli hiyo kama majivuno. Jaribu siku moja uone inavyobadilisha sekunde chache za kabla ya kubonyeza. Unakagua kona. Mtu huwa hakagui kona za fremu akijua kuna fremu nyingine inakuja.

Kuhusu kufunika kioo cha nyuma ya kamera ili usione ulichopiga, nimesikia kinasifiwa sana. Kwangu kilisaidia jambo moja: niliacha kuinama kila baada ya kubonyeza, nikabaki nikiwatazama watu waliokuwa mbele yangu. Mtu akijua picha imekwisha, hulegea, na huo mlegeo ndio picha. Lakini kwa anayeanza kabisa, ambaye bado hajui mwangaza ukizidi unafananaje, kuficha kioo ni kumnyima mwalimu wake. Aendelee kutazama.

Na hili ndilo jambo ambalo watetezi wa kupunguza hawalisemi vya kutosha: si kila kikomo kinafundisha. Vingine vinazuia tu. Ukienda kupiga ndege wa porini na lenzi ya milimita 35, hutajifunza ustahimilivu wala mpangilio. Utapata madoa ya kahawia juu ya matawi. Ukipiga ndani ya ukumbi wenye giza kwa kamera inayoshindwa gizani, utajifunza kwamba kuna giza. Kikomo kinachofundisha ni kile kinachokuacha na njia ya kufika, ila inapita mahali ambapo hukuzoea kupita. Lenzi pana inakulazimisha usogee: unaweza kusogea. Fremu moja inakulazimisha usubiri: unaweza kusubiri. Ndege hawezi kulazimishwa ashuke.

Kwa hiyo kikomo huchaguliwa kwa kuangalia tabia ya mtu, tena kinyume chake. Rafiki yangu mmoja ni mwoga wa watu. Picha zake zote za mtaani zilikuwa za migongo, zilizopigwa kwa lenzi ndefu kutoka ng'ambo ya barabara. Huyo kumpa 85 na kumwambia amebanwa ni kumpa kitanda. Alihitaji 28. Mwingine ana tabia ya kukimbilia nyuso za watu kwa karibu hadi picha zake hazina mahali wala saa. Yeye ndiye wa kupewa lenzi ndefu na kuambiwa kaa mbali, onyesha aliposimama.

Tabia iliyoenea kuliko zote siku hizi ni ukungu. Mtu ananunua lenzi yenye tundu la f/1.8, anaona mara ya kwanza jinsi usuli unavyoyeyuka, na tangu siku hiyo hafungi tundu tena. Kila picha ni jicho moja lililo wazi na dunia iliyoyeyuka nyuma yake. Inapendeza, sibishi. Lakini usuli ulioyeyuka ni usuli ambao hakuna aliyeutazama: nguzo inayoota kichwani, mtu aliyesimama nyuma akichokonoa pua, rangi ya ukuta inayogombana na shati, vyote vimefutwa kwa pigo moja na mpiga picha hakulazimika kufikiri.

Kikomo ninachokipenda kuliko hata lenzi moja ni hiki: funga tundu kwenye f/8 na uliache hapo. Kwanza, mwanga unaoingia unapungua takriban mara 20 ukilinganisha na f/1.8. Ghafla unaanza kujali dirisha liko wapi. Unamgeuza mtu, unatoka nje, unasubiri wingu lipite, au unapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na kuona kwa macho yako inagharimu nini. Pili, usuli umerudi wote, na lazima uufanyie kazi. Hatua moja kushoto na ile nguzo inatoka kichwani. Ukichuchumaa, mtu anapanda juu ya upeo wa macho na anasimama dhidi ya anga tupu. Ukisubiri yule wa nyuma apite, au, vizuri zaidi, ukisubiri afike mahali ambapo anaisaidia picha, umeanza kupanga watu wawili kwenye fremu moja bila kumwambia hata mmoja.

Tatu, na hili ndilo lililoniteka, unaweza kuacha kulenga kabisa. Kwa lenzi ya milimita 35 kwenye f/8, fokasi ikiwekwa mita 3, kila kilicho kati ya takriban mita 2 na mita 7 kitatoka wazi vya kutosha kwa picha ya kawaida. Zima mtambo wa kulenga, weka mita 3, tembea. Kamera haina tena cha kukuuliza. Haitafuti uso, haisitisiti kati ya jani na jicho. Unachobakiwa nacho ni kujua mita 2 zinafikia wapi na mita 7 zinaishia wapi, na mtu hujifunza kuzikadiria haraka kuliko anavyodhani, kwa sababu mita 2 ni karibu ukimlaza mtu mrefu chini kati yenu. Unaunganisha hapo ile hesabu ya upana: aliye mita 3 atasimama kwenye fremu ya upana wa mita 3. Sasa unajua kitakachoingia na kitakachokuwa wazi kabla mkono haujapanda. Sekunde iliyookolewa ni ileile ambayo watoto huitumia kugundua kwamba wanapigwa picha na kuanza kutunisha mashavu.

Kwa wenye simu tu, mengi ya haya yameshafanyika bila kuombwa. Kamera kuu ya simu nyingi ina mtazamo wa kama milimita 24 hadi 28, pana, na tundu lisilobadilika. Kikomo ni kuacha kubana vidole kwenye kioo. Unapovuta mara mbili bila lenzi ya kufanya kazi hiyo, simu inakata tu katikati ya sensa, na eneo linalobaki ni robo. Chagua lenzi moja kati ya zile zilizopo nyuma ya simu, kaa nayo, na utumie nguvu zako kwenye kusogea. Kupiga picha usiku kwa simu ni mjadala mwingine, na sitauingia.

Sasa kuhusu kazi ya kulipwa. Kama mtu amekupa arusi yake, nenda na kila kitu. Nenda na zumu, nenda na kamera ya pili, kadi za akiba na betri za akiba, kwa sababu mitambo hufa na siku ile hairudiwi. Hapo ndipo 24 hadi 70 yangu inapotoka kabatini. Hakuna bibi harusi aliyekubali kuwa daftari la mazoezi ya mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba mpiga picha aliyekaa miezi na lenzi moja huitumia zumu kwa namna yake: anaamua kwanza picha hii ni ya 35 au ya 70, anaizungusha pete ikiwa bado kiunoni, anakwenda mahali pake, ndipo anainua. Ukimtazama kutoka upande utaona kwamba miguu inatangulia.

Huwa naulizwa kikomo kidumu muda gani. Wapo wanaosema mwaka. Kwa wengine mwaka ni mrefu hadi unageuka adhabu, na mtu anayejiadhibu huacha kutoka nyumbani, jambo ambalo ni baya kuliko lenzi yoyote. Mimi nina alama moja ninayoitegemea: siku unapoacha kushangazwa. Ukiinua kamera mara kwa mara na kukuta fremu ni ileile uliyoiona kwa macho matupu, hakuna kilichobaki cha kujifunza kwa upande huo. Kuna alama nyingine pia, isiyofurahisha: unapoanza kupita vitu vizuri bila kuviona kwa sababu haviingii kwenye lenzi yako. Hapo kikomo kimeanza kula jicho badala ya kulilisha. Badilisha.

Mimi nimebadilisha. Baada ya 35 nimehamia 85, ambako upana wa fremu ni kama asilimia 42 tu ya umbali. Kumwingiza mtu mzima, wima, na nafasi kidogo juu na chini, kunahitaji karibu mita 5, na vyumba vichache vina mita 5 za kurudi nyuma kabla mgongo haujagonga kabati. Kwa hiyo nyumbani watu hawaingii tena wazima kwenye picha zangu. Zinaingia kano za mkono unaomenya kitu, bega, kisogo cha mtu anayesikiliza, magoti mawili ya watu wasiojua kwamba yamegusana. Dada yangu ameshaniuliza kama nimejiunga na kitengo cha upasuaji. Nimemwomba asogee nyuma kidogo.